Kodiani inapogoma kwenye wimbo mwepesi: dalili, chanzo na tiba

Anayejifunza wimbo mfupi wa asili kwenye kodiani hulaumu vidole kwanza. Mara nyingi vidole havina kosa. Kibao cha kodiani hakitoi sauti chenyewe, kinafungua tundu tu, na sauti huja hewa inapopita tunduni na kutikisa ulimi wa chuma. Hewa hiyo inaendeshwa na mkono wa kushoto. Kwa hiyo anza kuchunguza mvukuto, yaani ile sehemu ya mikunjo katikati ya ala, kisha njoo kwenye mkono wa kulia, kisha vitufe vya besi, na mwisho kabisa ishuku ala yenyewe.

Maelezo haya ni ya kodiani ya vibao vya kinanda upande wa kulia na vitufe vya besi na kordi (noti kadhaa zinazolia pamoja) upande wa kushoto. Hiyo hutoa noti ileile ukivuta au ukisukuma. Kodiani ndogo za vitufe za aina ya diatoniki hutoa noti moja ukivuta na nyingine ukisukuma, kwa hiyo mpango wa mvukuto ulioandikwa hapa hauzifai.

Wimbo wa kupimia

Ni vigumu kutafuta kosa katika wimbo mrefu. Tumia huu wa sauti tano, mapigo manne kwa kila fungu. Kistari maana yake sauti iliyotangulia iendelee kwa pigo moja zaidi.

1: do re mi so
2: fa mi re –
3: re mi fa re
4: mi re do –
5: so so mi so
6: fa fa re –
7: mi so fa re
8: do – – –

Do hapa ni C. Gumba likae kwenye do, kidole cha shahada re, cha kati mi, cha pete fa, kidogo so. Mkono hauhami hata mara moja. Kushoto, mafungu ya 1, 4, 5 na 8 yanataka do. Ya 2, 3 na 6 yanataka so. La 7 limegawanyika, mapigo mawili ya do na mawili ya so. Mvukuto unafunguka kwa fungu la 1 na la 2, unafungwa kwa la 3 na la 4, unafunguka tena kwa la 5 na la 6, unafungwa kwa mawili ya mwisho. Kila mgeuko unaangukia mwisho wa sauti ndefu, mahali ambapo hata mwimbaji angevuta pumzi.

Kama kodiani yako ina swichi za sauti, chagua yenye nukta moja katikati ya duara. Swichi hiyo hutumia safu moja tu ya ndimi, hula hewa kidogo na haifichi makosa. Swichi ya kufungua safu zote ni tamu masikioni, lakini kwa mazoezi inakudanganya.

Mvukuto unaisha kabla ya sauti kuisha

Hii ndiyo dalili inayowasumbua wengi, na ina vyanzo vinne vinavyofanana kwa nje.

Kwanza pima bila wimbo. Weka metronomu, kifaa cha kuhesabia mapigo, kwenye mapigo 60 kwa dakika, bonyeza so peke yake, fungua kwa mapigo manane, funga kwa mapigo manane. Ukifika pigo la nane huku mvukuto bado una nafasi, mvukuto wako na mkono wako vina uwezo wa kuubeba wimbo huu, na tatizo liko kwingine. Ukiishiwa pigo la tano, unavuta kwa nguvu kuliko inavyohitajika. Punguza nguvu mpaka sauti ianze kufifia, kisha ongeza kidogo sana. Kiwango hicho kinatosha kwa mazoezi yote ya mwanzo.

Ikiwa noti moja inafika salama lakini wimbo wenye besi haufiki, mkosaji ni mkono wa kushoto kung'ang'ania vitufe. Kitufe kimoja cha besi hufungua ndimi za oktava kadhaa kwa mpigo, na ndimi za besi ni kubwa, zinakunywa hewa. Kitufe cha kordi nacho hutoa noti tatu au zaidi. Gusa uachie: sauti ya besi isizidi nusu ya pigo. Marekebisho haya peke yake huokoa hewa nyingi, na pia huufanya mdundo uchangamke.

Chanzo cha tatu ni mizani mbaya kati ya kufungua na kufunga. Upande wa kushoto una uzito wake, na uzito huo husaidia kufungua. Mwanafunzi hufungua kwa kasi bila kujua, kisha hufunga kwa woga. Baada ya mafungu manne mvukuto umebaki wazi nusu nzima, na mstari wa pili, yaani mafungu ya 5 hadi 8, unaanza bila nafasi. Angalia kwa macho: mwisho wa fungu la 4 mvukuto uwe umerudi karibu na pale ulipoanzia. Usipofika, punguza kufungua badala ya kuongeza nguvu ya kufunga. Kitufe cha hewa, kile kilicho karibu na gumba la kushoto, kinaweza kukusaidia kufunga kimyakimya kati ya mistari, lakini ukikihitaji kila mara basi mizani bado mbovu.

Chanzo cha nne ni kuvuja. Kipime hivi: funga mvukuto, vua mikanda, fungua vishikizo vya mvukuto, kisha shika upande wa vibao kwa mikono miwili juu ya kitanda au godoro, upande wa besi ukining'inia chini. Usibonyeze kitu. Mvukuto usiovuja hushuka polepole, kwa kusitasita. Ukiporomoka hadi mwisho ndani ya sekunde mbili tatu, hewa inatoka mahali. Sogeza sikio karibu usikie mlio wa hewa: kwenye pembe za mikunjo, kwenye maungio ya mvukuto na kasha, au chini ya kibao kisichokaa sawa. Kabla ya kumpelekea fundi, hakikisha kitufe cha hewa hakijakwama ndani. Hilo hutokea, na ni aibu kulipia.

Sauti inaruka au inakatika mvukuto unapogeuka

Ukisikia pengo, gusa mkanda wa mkono wa kushoto kwanza. Ukivuta, mgongo wa mkono husukuma mkanda. Ukifunga, kiganja husukuma kasha. Mkanda ukilegea, mkono husafiri hewani kati ya hatua hizo mbili, na muda huo wa safari ndio pengo unalolisikia. Kaza kwa gurudumu dogo lililo kwenye ncha ya juu ya kasha la besi. Kipimo chake: mkono uteleze juu na chini kufuata vitufe, lakini kasha lifuate mkono papo hapo unapogeuza. Usikaze mpaka vidole vife ganzi.

Ukisikia mshtuko badala ya pengo, yaani noti inapasuka ghafla, basi unageuza kabla kidole hakijainuka, au unageuza kwa kishindo. Utaratibu ni huu: sauti ndefu imalizike, kidole kiinuke, mvukuto ugeuke, kidole kinachofuata kishuke. Kwa mwendo wa pole sema kwa sauti "inua, geuza, shuka". Ukiongeza kasi maneno hayatawahi tena, lakini mkono utakuwa umekariri mpangilio.

Zoezi linalofaa ni kupiga mafungu ya 2 na 3 peke yake, na katika hayo pigo la mwisho la fungu la 2 na la kwanza la fungu la 3 tu: re, geuza, re. Noti ni ileile, kwa hiyo sikio halina kisingizio. Ukisikia tofauti yoyote ya ukubwa wa sauti, mvukuto ndio ulioileta.

Sauti inayumba, kubwa kwa ndogo, bila kukusudia

Watu waliotoka kwenye piano hupiga kibao kwa nguvu wakitaka noti isikike zaidi. Kwenye kodiani nguvu ya kidole haiongezi chochote. Sauti kubwa huletwa na msukumo wa hewa tu. Kinachotokea ni kwamba kidole kikigonga, bega hutikisika, mvukuto hutikisika, na noti zote hupata kigugumizi.

Angalia pia umbo la mvukuto. Usiuvute kwenda kushoto sambamba kama mtu anayefungua droo. Upande wa juu ufunguke zaidi, wa chini ubaki karibu umefungwa, mithili ya kipepeo kinachofunguka. Kasha la vibao litulie: sehemu yake ya chini iegemee ndani ya paja la kulia, na mvukuto upumzike juu ya paja la kushoto. Kasha la kulia likicheza, unatumia nusu ya nguvu zako kusogeza ala nzima.

Kuyumba kwa namna nyingine si kosa lako. Baadhi ya swichi hufungua safu mbili za ndimi zilizotofautishwa kidogo makusudi, na mtikisiko unaosikika ni rangi ya ala hiyo. Rudi kwenye swichi ya nukta moja; mtikisiko ukitoweka, hakuna cha kurekebisha.

Noti zinapandana, au zinakatika-katika

Hapa sasa ni vidole. Funga mvukuto, usiuvute, na upige wimbo kimya. Sikiliza mgongano wa vibao. Kila kibao kikishuka, kilichotangulia kipande wakati huohuo. Ukisikia "tak-tak" mbili kwa noti moja, kidole kinachelewa au kinawahi kuinuka.

Mafungu ya 5 na 6 yana noti zinazorudiwa: so so, fa fa. Kibao kisipopanda hadi juu, noti ya pili haitasikika kama noti mpya, utasikia so moja ndefu. Tiba ni kuinua kidole mapema kidogo, na kamwe si kuitikisa mvukuto ili kutenganisha. Kidole kidogo ni kivivu kwa asili. Kiwe kimekunjwa kidogo, kiguse kibao kwa ncha. Ukikinyoosha, kifundo cha mkono huanguka na fa itabonyezwa bila kutaka.

Mkono wa kulia unapotea njia

Vibao viko wima, na noti za chini ziko juu, upande wa kidevu. Kwa hiyo gumba liko juu na kidole kidogo kiko chini, na uzito wa mkono huvuta kila kitu kuelekea sakafuni. Dalili yake: mstari wa kwanza umepiga sawa, wa pili wote uko noti moja juu ya inavyotakiwa.

Wengi hujitibu kwa kuinama kutazama, au kuilaza kodiani ili vibao vionekane. Yote mawili huharibu mvukuto na mgongo. Tafuta kwa kugusa: pitisha vidole juu ya vibao vyeusi mpaka upate kundi la viwili, kibao cheupe kilicho juu yake mara moja, upande wa kidevu, ni do. Fanya hivyo macho yamefumbwa, kutoka mkono ukiwa pajani, mpaka gumba litue pasipo kupapasa. Katika kundi la vyeusi vitatu hali hiyohiyo hukupa fa, na ndiyo njia ambayo watu hukosea: wamehesabu kundi lisilo sahihi, na wimbo mzima unaanzia fa. Si kosa la kutisha, ila wimbo hautapatana na vitufe vya kushoto ulivyovipanga.

Besi zinatoa sauti isiyo yake

Hapa panahitaji subira, kwa sababu huoni kitu. Lakini vitufe vimepangwa kwa kanuni, na kosa linajieleza lenyewe ukilisikiliza. Katika safu ya besi kuu, kutoka chini kwenda juu, mfuatano ni fa, do, so, re, la. Kitufe cha do huwa na kishimo au kijiwe cha kuguswa. Kwenye kodiani kubwa ya vitufe 120 kipo katika safu ya pili kutoka kwenye mvukuto, na vitufe vingine viwili vya safu hiyo vina alama pia, kwa hiyo tumia cha katikati.

Kidole cha pete kibonyeze besi ya do, cha kati kibonyeze kordi kubwa ya do, iliyo safu inayofuata kwa mshazari. Mdundo ni besi–kordi–besi–kordi. Ukienda so, vidole vyote viwili hupanda hatua moja kuelekea kidevu na kufanya umbo lilelile. Sasa sikiliza:

– Ulitaka so ukasikia fa: ulishuka badala ya kupanda.
– Ulitaka so ukasikia re: umeruka vitufe viwili. Mkono umepanda wote. Vidole viwili tu ndivyo vinavyotakiwa kusogea.
– Ulitaka besi ya do ukasikia mi: umeingia safu iliyo karibu kabisa na mvukuto, ambayo hubeba sauti ya tatu ya kila besi.
– Kordi ya do inasikika ya huzuni: umevuka hadi safu ya kordi ndogo. Vidole vimenyooka mno.
– Kordi inasikika kana kwamba inataka kwenda mahali, haijatulia: ni safu ya kordi ya saba. Kwenye mafungu ya so hii ni ruhusa, tena inapendeza. Kwenye do haifai.

Kodiani ndogo ya vitufe 12 ina besi sita na kordi kubwa sita tu, basi makosa matatu ya mwisho hayawezekani juu yake. Kwa mwanzo hilo ni jambo la heri, na wimbo huu hauhitaji zaidi. Wazo la kitufe kimoja kutoa kordi nzima ni la tangu mwanzo wa ala: lilikuwa ndani ya hataza (hati ya kulinda uvumbuzi) ambayo fundi wa ala Cyrill Demian aliipata Vienna mwaka 1829.

Kila mkono peke yake uko sawa, kwa pamoja havikutani

Usijaribu tena kwa kasi ileile. Shuka hadi mapigo 46 au 50. Kulia piga wimbo kamili, kushoto gusa besi moja tu kwenye pigo la kwanza la kila fungu. Ikikaa, ongeza besi ya pigo la tatu. Ikikaa, ongeza kordi. Kila ngazi ikitoka safi mara tatu mfululizo, pandisha metronomu kwa mapigo manne, si zaidi.

Ajali hutokea fungu la 7, ambapo kushoto kunahama katikati ya fungu. Lipige peke yake, kisha lianzishe kutoka pigo la mwisho la fungu la 6. Mwanafunzi anayelipiga vizuri likiwa peke yake lakini akakwama akitokea fungu la 6 hajakosea fungu la 7: amechelewa kurudisha mkono kutoka so kwenda do. Sogeza mkono wakati re ndefu bado inalia.

Mabega, mgongo na ganzi

Kodiani ya vitufe 120 huweza kufika kilo 10 au zaidi. Ukubwa huo si wa kuanzia kwa mtu mdogo wa umbo. Mkanda wa bega la kushoto uwe mfupi kuliko wa kulia, ili ala ikae kidogo upande wa kushoto na mkono wa kulia upate nafasi ya kukunjika. Mikanda ikilingana, vibao huenda katikati ya kifua na kifundo cha kulia hupinda vibaya. Ganzi katika vidole vya kushoto ni mkanda wa mkono uliokazwa kupita kiasi. Maumivu ya bega la kulia ni kiwiko kilichoinuliwa. Keti kwenye kiti kigumu kisicho na mikono, magoti yakiwa sawa na nyonga.

Ala yenyewe ni mgonjwa

Noti moja inalia ukivuta, haisikiki ukisukuma. Kila noti ina ndimi mbili kwenye bamba moja, moja kwa kila mwelekeo, na mmoja wao umezibwa na uchafu au umevunjika. Bonyeza kibao hicho, vuta na sukuma kwa nguvu mara kadhaa; uzi au vumbi huweza kutoka. Usipotoka, ni kazi ya fundi.

Noti inalia bila kubonyezwa: kibao au kitufe hakijarudi. Kipandishe taratibu. Usinyunyizie mafuta ya aina yoyote. Mafuta yakifika kwenye ndimi au ngozi ndogo zinazofunika matundu, tatizo la kibao kimoja linakuwa la noti kumi.

Noti inachelewa kuanza, au inalia kwa mkwaruzo: ngozi hizo zimejikunja au zimekauka. Noti kadhaa za jirani zimeharibika kwa pamoja: huenda nta inayoshikilia mabamba ya ndimi imepasuka au imeyeyuka. Nta haipendi joto, ndiyo maana kodiani haiachwi ndani ya gari lililosimama juani.

Noti zote ni sahihi, bado si wimbo

Imba maneno au "la la" kisha piga. Utaona sauti yako hupanda kuelekea katikati ya mstari na kushuka mwishoni; mvukuto ufanye hivyohivyo, ongezeko dogo katika mapigo mawili ya kwanza na kulegea kwenye sauti ndefu. Besi iwe nyepesi kuliko wimbo. Kushoto kukizidi kulia, vidole vya kushoto vinakaa muda mrefu mno kwenye vitufe, kwa hiyo rudi kwenye nusu pigo.

Ukihamia wimbo wa mapigo matatu kwa fungu, mdundo wa kushoto ni besi–kordi–kordi, na mgeuko wa mvukuto unaweza kwenda kila mafungu manne, yaani mapigo 12, mradi mwendo si wa polepole sana. Ukiishiwa, geuza kila mafungu mawili, na uchague mwisho wa neno, kamwe si katikati yake.